Kumbukumbu za kebo kwa vituo saba, Nakuru hadi Bungoma: mnaandikaje?

nyaya_bonde (Nakuru)

Wakuu, salamu. Nimekabidhiwa mtandao wa kampuni ya pembejeo za kilimo. Makao makuu ni Nakuru, matawi ni Naivasha, Kericho, Eldoret, Kisumu, Kakamega na Bungoma. Kila kituo kilivutiwa nyaya na fundi wake, na hakuna hata karatasi moja iliyoachwa. Nakuru kuna raki (kabati za vifaa vya mtandao) mbili zenye poti (matundu ya kuchomekea kebo) 48 kila moja. Matawi yana paneli (ubao wa poti ambamo kebo za ukutani huishia) moja ya poti 24, isipokuwa Kakamega: huko kebo kama 16 zimekrimpiwa (zimebanwa vichwa) na kuchomekwa moja kwa moja kwenye swichi.

Lebo zilizopo zimeandikwa kwa maka: "Mhasibu", "Printa ya juu", "Kaunta 2". Mhasibu alishahama chumba.

Nataka kujua mfumo wa majina unaodumu, kama nianze na Excel au NetBox (programu ya kumbukumbu za mtandao), na jinsi ya kufuatilia kebo bila kuzima kaunta, maana eTIMS (mfumo wa ankara za kodi wa KRA) na M-Pesa zinatumika kutwa nzima. Halafu matawini hakuna fundi, kuna meneja tu wa kupigiwa simu.

---

shaba_na_faiba (Kisumu)

Ndugu, amua jina kabla ya kuchagua programu. Jina likikosewa, programu itayahifadhi makosa hayo vizuri sana.

Lebo ya kebo isiseme inamhudumia nani. Iseme inaishia wapi. Mhasibu atahama, printa itakufa, VLAN (kigawanyo cha mtandao) itabadilishwa, lakini poti 17 ya paneli B itabaki palepale. Kiwango cha TIA-606 kimejengwa juu ya mantiki hiyo: ghorofa, chumba cha raki, paneli, poti. 1A-B17 ni ghorofa ya kwanza, chumba A, paneli B, poti 17. Kwa kuwa una vituo vingi, tanguliza alama ya kituo: NKU1-1A-B17. Jina hilohilo linabandikwa ncha zote mbili. Kuna mafundi wanaoandika kwenye soketi namba ya chumba na kwenye paneli namba ya poti, kisha wanategemea jedwali kuunganisha majina hayo mawili. Siku jedwali likipotea, kebo inabaki na majina mawili yasiyojuana.

Angalia vifupisho vya miji. KIS ni msimbo wa uwanja wa ndege wa Kisumu, lakini mtu wa Kisii akiuona atasema ni kwake. Tumia KSM na KSI tangu leo, hata kama Kisii hamjafungua tawi. Weka namba baada ya mji hata pale penye jengo moja: Naivasha ikiwa NVS1, ghala la pili litakuwa NVS2 bila kugusa lebo za zamani. Herufi I na O zisitumike kwa paneli wala vyumba. Meneja wa Bungoma akikusomea lebo kwenye simu, I itakuwa moja na O itakuwa sifuri, nawe utamfungia mtu mwingine poti.

Kila kebo ipate lebo sehemu nne: kwenye ganda la kebo nyuma ya paneli, mbele ya paneli, kwenye ganda nyuma ya soketi, na usoni pa soketi. Zile za kwenye ganda ziwe ndani ya sentimita 30 kutoka kebo inapoishia, mahali jicho linafika bila kufungua vifungo vyote. Lebo ya nyuma ya soketi watu huiruka kwa uvivu, na ndiyo pekee inayobaki wapaka rangi wanapong'oa vifuniko na kuvirudisha bila mpangilio.

Maka hufifia, na tepu ya karatasi hukauka na kudondoka ndani ya raki yenye joto. Tumia printa ya lebo na tepu laini ya kuzungushia kebo. Ya Brother inaitwa TZe-FX. Tepu ya kawaida ya TZe ni ngumu, hujifungua yenyewe ikizungushwa kwenye kitu chembamba. Kebo ya Cat6 (daraja mojawapo la kebo za mtandao) ina mzunguko wa karibu milimita 19. Ongeza bendera (ncha za lebo zinazobandikana) ya milimita 20 kila upande, unapata lebo ya sentimita 6 hivi yenye jina pande zote mbili. Kaseti ina mita 8, kwa hiyo inatoa lebo kama 130. Kwa kebo zako zisizozidi 240, ncha mbili mbili, hizo ni kaseti nne. Weka mbili zaidi za nyuso za soketi na paneli. Hakikisha printa imewekwa kuchapisha mfululizo. Ukichapisha moja moja, inatema kipande kitupu cha sentimita mbili na nusu kila mara, nawe utahitaji karibu mara moja na nusu ya kaseti hizo.

---

raki42 (Eldoret)

Nakubaliana na aliyetangulia. Mimi nijibu la kufuatilia.

Mchana usichomoe kitu. Piga picha mbele na nyuma ya raki, kisha ingia kwenye swichi usome jedwali la MAC (anwani za vifaa) na majirani wa LLDP (vifaa vinavyojitambulisha kwa swichi). Hapo utajua poti gani ina kamera, ipi ina simu ya mezani, ipi ina kompyuta ya kaunta. Ukikuta poti moja ina anwani za MAC tano au sita na si ya kwenda swichi nyingine wala redio ya Wi-Fi, ujue chini ya meza kuna kiswichi cha poti tano ambacho hakuna aliyekuambia. Kiandike nacho. Hicho ndicho kitakachozungusha data bila kikomo na kuangusha mtandao mzima siku mtu atakapochomeka kebo moja ncha zote mbili ndani yake.

Swichi isiyo na menyu haikupi chochote cha kusoma, hivyo inabaki kusubiri kaunta zifungwe.

Usiku ndipo unatoa tona (kifaa kinachotuma mlio kwenye kebo ili uitafute). Chomoa kebo kwenye swichi kwanza. Ikiwa bado imechomekwa, poti huumeza mlio na utasikia mnong'ono tu. Na kama poti inatoa PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao), kuna volti 44 hadi 57 zinazoweza kuua tona ya bei rahisi. Kwenye fungu la kebo zilizobanana, mlio huvuja kwenda kwa majirani, na mtu mwenye haraka huweka lebo kwenye kebo ya pembeni. Dawa yake ni rahisi: ukidhani umeipata, mwenzako upande wa pili agusanishe nyaya mbili za jozi yenye mlio. Mlio ukikatika, ndiyo hiyo. Usipokatika, endelea kutafuta.

Watu wawili wenye simu masikioni, hesabuni dakika tatu hadi tano kwa poti. Paneli ya 24 inaisha jioni moja. Bandikeni lebo ya muda papo hapo, msiseme mtakumbuka.

Jambo moja wengi hawalitumii: ganda la kebo lina namba za urefu zilizochapwa. Soma namba kwenye ncha mbili, toa ndogo kwenye kubwa, una urefu halisi bila kifaa chochote. Angalia tu kama ni mita au futi, maana boksi la mita 305 ni futi 1,000 na viwanda vingine huchapa futi. Namba hizo pia ni ushahidi: ncha mbili zikionyesha tofauti ya mita 400, basi hizo si ncha za kebo moja. Kiwango kinaruhusu mita 90 kutoka paneli hadi soketi, na 100 ukijumlisha pachi kodi (kebo fupi za kuunganishia). Yoyote inayozidi hapo iandike kwa rangi nyekundu hata kama leo inafanya kazi.

Na zile testa za taa nane msiziamini kupita kiasi. Zinasema waya 1 hadi 8 zimefika, lakini hazioni jozi iliyogawanyika, yaani nyaya mbili za jozi tofauti zilizotumika kama jozi moja. Taa zote zitawaka kijani na mtandao utasuasua. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu andika pia kasi ambayo poti imekubaliana na kifaa. Kebo ya Cat6 inayoganda kwenye Mbps 100 huku pande zote zina uwezo wa Gbps 1 ina tatizo kwenye jozi mojawapo, mara nyingi 4-5 au 7-8.

---

mtunza_jedwali (Kakamega)

Excel au NetBox? Anza na jedwali, lakini lipange kana kwamba kesho litahamia NetBox. Mstari mmoja ni kebo moja. Safu zake: jina la kebo, ncha A (kituo, raki, paneli, poti), ncha B (chumba, soketi), aina ya kebo, urefu, njia inayopita, matokeo ya testi, tarehe, fundi, hali. Kinachochomekwa kwenye soketi kiwe kwenye karatasi nyingine ya faili hilohilo, kwa sababu hicho hubadilika kila wiki na kebo haibadiliki. Ukivichanganya, kila kompyuta ikihama unagusa rekodi ya kebo, na siku moja utaifuta bila kujua.

Excel ina mitego yake. Ukiandika 3-12 inageuza kuwa tarehe. Ukiandika 07 inabaki 7. Mfumo wa ghorofa na chumba alioueleza shaba_na_faiba ni mzuri, lakini ukiandika 1E-05 bila alama ya kituo mbele, Excel inaona namba ya kisayansi na kukuandikia 1.00E-05. Hata MAR-01, mkifungua Marigat, inakuwa tarehe moja Machi. Zipe safu zote umbo la maandishi kabla ya kuingiza data. Baada ya kugeuka, Excel haikurudishii ulichoandika.

NetBox ni bure na ya chanzo huria, ilizaliwa DigitalOcean na kufunguliwa kwa umma mwaka 2016. Inahitaji programu za hifadhidata PostgreSQL na Redis. Kwa ukubwa wako mashine yenye RAM ya GB 4 inatosha. Raha yake ni kufuata njia: unabofya poti ya swichi, inakuonyesha pachi kodi, mbele ya paneli, nyuma ya paneli, kebo ya ukutani, soketi. Lakini wageni hukwama hapo hapo. Paneli ina poti za mbele na za nyuma, ni vitu viwili tofauti, na kebo ya ukutani inaunganishwa na poti ya nyuma. Wengi huunganisha zote mbele, kisha njia inakatika katikati na wanasema programu ni mbovu. Soketi ya ukutani nayo itengeneze kama kifaa kidogo cha U sifuri (U ni kipimo cha kimo kwenye raki) chenye poti moja ya mbele na moja ya nyuma. Kebo huingizwa kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye safu kama side_a_device, side_a_type, side_a_name, na hivyohivyo kwa upande wa b, ndiyo maana nasema panga jedwali lako kwa ncha mbili tangu mwanzo.

Usiiweke NetBox kwenye seva ya Nakuru halafu ukategemea hiyo tu. Siku Nakuru iko gizani ndiyo siku utahitaji kuisoma. Toa nakala ya CSV kila wiki iende mahali pengine, na kila raki iwe na karatasi ya A4 iliyolaminishwa yenye poti za raki hiyo pekee. Bila nywila, tafadhali. Kuna raki ziko nyuma ya kaunta ambapo hata wateja wanafika.

---

raki42 (Eldoret)

Mtunza, kwa kebo 240 NetBox ni kujitwika mzigo. Jedwali linatosha kabisa kama mhariri ni mmoja.

---

mtunza_jedwali (Kakamega)

Mhariri mmoja anaenda likizo, bosi. Tatizo la jedwali si ukubwa, ni kwamba linakubali lolote. Utaandika poti moja mara mbili na halitakukemea. NetBox inakataa kebo ya pili kwenye poti iliyokwisha kushikwa. Kama utabaki na jedwali, basi angalau weka kanuni ya kupaka rangi majina yanayojirudia, kisha kila ukitembelea tawi chagua poti tano bila mpangilio uzilinganishe na raki. Mbili zikikosea, kagua paneli nzima.

---

nyaya_bonde (Nakuru)

Asanteni sana. Nimeelewa la majina na la Excel. Mbili zaidi: Kakamega bila paneli nifanyeje, niweke lebo tu au nibomoe? Na pale kuna ghala upande wa pili wa uwanja, limeunganishwa kwa kebo ya shaba iliyopitishwa hewani. Swichi ya ghalani imeshaungua mara kadhaa msimu wa mvua. Pia kamera mbili hujizima usiku tu.

---

shaba_na_faiba (Kisumu)

Kakamega weka paneli. Paneli ya poti 24 ina kimo cha U moja, na kazi ni kukata vichwa, kupigilia (kubana nyaya kwenye paneli) na kutesti. Kebo ya ukutani ina waya mzima, si wa nyuzinyuzi, na haupendi kukunjwakunjwa. Kila mtu anapoigusa kwenye swichi inazidi kuvunjika ndani. Na bila paneli huna poti ya kudumu ya kuipa jina. Kabla ya kukata, angalia kama kuna urefu wa ziada. Fundi aliyekrimpia moja kwa moja mara nyingi huacha kebo imekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa hakuna, paneli ishushwe ifuate kebo, usiunge kebo juu ya dari. Pigilia zote kwa T568B (mpangilio mmoja wa rangi za nyaya; mwingine ni T568A) na uandike hivyo. Swichi za sasa huficha kosa la A upande mmoja na B upande mwingine, lakini kifaa kikongwe kitakataa na utatafuta sababu siku nzima.

Ile ya ghalani iondoe. Ukanda huu wa Ziwa Victoria hupata ngurumo nyingi mno, Kakamega na Kericho mnazijua. Majengo mawili yana ethi (nyaya za kupeleka umeme ardhini) mbili. Radi ikipiga karibu, volti ya ardhi hutofautiana kati ya jengo na jengo na umeme hutafuta njia kupitia kebo yako. Si lazima radi iguse kebo. Weka faiba (kebo ya nyuzi za kioo) isiyo na waya wa chuma ndani, nyuzi mbili tu zingetosha lakini vuta ya nyuzi nne. Kwenye kumbukumbu andika rangi ya uzi unaotumika (mpangilio huanza buluu, chungwa, kijani, kahawia), aina ya kichwa, na moduli ya kila upande. Kichwa cha kijani cha SC/APC kisichomekwe kwenye cha buluu cha SC/UPC. Vinaingia vizuri lakini mwanga hupotea na uso wa kioo unaweza kuumia. Kama moduli ni zile za uzi mmoja, upande mmoja hutuma mwanga wa nanomita 1310 na mwingine 1550, basi andika upi ni upi, la sivyo siku ya kubadilisha mtu ataweka mbili zinazofanana na taa haitawaka. Andika pia nguvu ya mwanga inayosomwa na swichi siku ya kwanza kwa dBm. Baada ya mwaka ikishuka dB tatu utajua kuna kitu kimebadilika njiani, badala ya kubahatisha.

Kamera zinazozima usiku: usiku taa zake za infraredi huwaka na mahitaji ya umeme hupanda. Kwangua waya mmoja kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ina ukinzani mkubwa kuliko shaba tupu, na volti inapotea njiani. Safu ya aina ya kebo iwe na neno CCA kwa hizo zote. Usiandike Cat6 kwa sababu tu ganda limechapwa Cat6.

---

nguzo_ya_tatu (Kericho)

Hakuna aliyegusa laini za nje. Kwa kila kituo andika namba ya sakiti kama kampuni ya intaneti inavyoitaja, namba ya akaunti, jina la anayelipa, namba ya simu ya msaada, namba ya kifaa chao, na mahali laini inapoingia jengoni pamoja na picha ya nguzo. Hiyo ya nguzo isidharauliwe. Matawi mengi yamelipia laini mbili za kampuni mbili, na ukitoka nje ukafuata faiba kwa macho unakuta zote zinashuka kutoka nguzo moja ya umeme na kuingia tundu moja ukutani. Lori likigonga nguzo hiyo, laini mbili zinakufa pamoja.

Picha mameneja wakutumie WhatsApp kama faili, si kama picha. Ikitumwa kama picha inabanwa hadi lebo hazisomeki, na tarehe ya kupigwa inapotea. Wewe ndiye uzipe majina kwa msimbo wa raki: KRC1-0A-mbele, KRC1-0A-nyuma.

---

nyaya_bonde (Nakuru)

La nguzo limenigusa, Eldoret wana laini mbili na sijui zinapita wapi. Swali la mwisho: kwa Kakamega nitaleta mkandarasi. Nimbane vipi asiniachie tena kebo zisizo na majina?

---

mtunza_jedwali (Kakamega)

Kwenye mkataba, si kwa mdomo. Mpe orodha ya majina kabla hajaanza, asijitungie. Shikilia asilimia 10 ya malipo hadi akukabidhi jedwali lililojazwa, ramani ya jengo yenye njia za kebo, na matokeo ya testi kama faili asilia la kifaa chake, siyo PDF peke yake, kwa sababu PDF huhaririwa. Kwenye faili hilo angalia mambo mawili: jina la kila testi lifanane na lebo, na urefu usiwe uleule kwenye kebo zote. Ukiona kebo 16 zote zina mita 23.4, ametesti moja akaihifadhi mara 16.

Muulize pia kama aliweka kasi ya mawimbi ya kebo hiyo kwenye testa kabla ya kupima. Kwa Cat6 nyingi ni karibu asilimia 69 ya kasi ya mwanga, imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kebo. Akiacha ya kebo nyingine, urefu wote unakuja na kosa, na ukilinganisha na namba zilizochapwa kwenye ganda utaliona mara moja.